Mionzi ya Vipimo vya Picha na Saratani ya Tezi ya Thairoidi: Mwongozo Kamili wa Kuipima Hatari na Kuipunguza

Hofu ya mionzi ya hospitalini mara nyingi huelekezwa mahali pasipostahili. Mtu huhangaika kwa ajili ya eksirei ya jino au picha ya matiti, ilhali tezi ya shingoni haipati karibu chochote katika vipimo hivyo, kisha mtu huyohuyo akakubali bila swali hata moja mtoto wake wa miaka mitatu afanyiwe skani ya CT (eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta) ya shingo iliyorudiwa mara mbili kwa sababu picha za kwanza ziliachwa hospitali nyingine. Mwongozo huu unakusudia kuirudisha hofu hiyo kwenye kipimo chake. Hatari ya saratani ya tezi ya thairoidi kutokana na picha za kitabibu ni ya kweli, lakini inategemea zaidi mambo matatu, nayo ni umri wa anayepigwa picha, mahali mionzi inapopita, na kiasi cha mionzi kinachofika kwenye tezi. Anayeyashika mambo hayo matatu anaweza kuuliza maswali yanayofaa mbele ya daktari, akakubali kipimo kinachohitajika kwa moyo mtulivu na kuomba njia nyingine pale inapowezekana.

Hatua ya kwanza: ifahamu tezi na ujue kwa nini umri ni jambo kubwa

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, ikiwa na mabawa mawili yanayolikumbatia bomba la hewa. Hutumia madini ya iodini kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nguvu, mapigo ya moyo, joto, na kwa mtoto, ukuaji wa mwili na ubongo. Imelala karibu sana na ngozi, bila mfupa wala msuli mnene wa kuikinga kwa mbele, na kwa sababu hiyo mionzi yoyote inayopita shingoni huifikia kwa urahisi.

Mionzi ya eksirei na ya CT ni mionzi ayonisha, maana yake ni kwamba ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na hivyo kuweza kukata nyuzi za DNA ndani ya seli. Sehemu kubwa ya majeraha hayo hurekebishwa na seli yenyewe. Mara chache marekebisho hukosewa, vipande vya vinasaba vikaunganishwa mahali pasipo pake, na seli ikaanza kugawanyika bila kufuata mpangilio. Kwa mtoto, seli za tezi bado zinagawanyika kwa wingi kadiri tezi inavyokua, kwa hiyo kosa moja lina nafasi kubwa zaidi ya kurithishwa kwa seli nyingi. Isitoshe, mtoto ana miaka mingi mbele yake ambamo kosa hilo linaweza kukomaa kuwa uvimbe. Kwa mtu mzima tezi hugawanya seli zake polepole mno, na ndiyo sababu tafiti zimeonyesha hatari ikipungua kwa haraka kadiri umri wa kupata mionzi unavyopanda, hadi kufikia kiwango ambacho ni vigumu kukigundua kwa waliopata mionzi wakiwa watu wazima.

Jinsia nayo ina nafasi yake, kwa kuwa saratani hii huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume, kuwe na mionzi au kusiwe nayo. Aina inayohusishwa zaidi na mionzi ni ile ya papilari, ambayo pia ndiyo inayoonekana kwa wingi kuliko zote na ambayo kwa kawaida hutibika vizuri inapogunduliwa mapema. Jambo hilo halifanyi ugonjwa kuwa mwepesi, kwa sababu tiba yake ya kawaida ni upasuaji wa shingo, na anayeondolewa tezi yote atameza vidonge vya homoni kila siku kwa maisha yake yote.

Hatua ya pili: elewa ushahidi umetoka wapi

Maarifa haya yalilipiwa na watoto wa zamani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wa nchi kadhaa walitumia mionzi kutibu mambo ambayo leo hayatibiwi hivyo kabisa: tezi ya kifuani ya thimasi iliyodhaniwa kuwa kubwa kupita kiasi kwa wachanga, mafindofindo yaliyovimba, chunusi, na mapunye ya kichwani. Mwaka 1950 madaktari Duffy na Fitzgerald wa Marekani walieleza kwamba miongoni mwa watoto waliougua saratani ya thairoidi, wengi kiasi cha kushangaza walikuwa wamewahi kupigwa mionzi ya thimasi wakiwa wachanga. Nchini Israeli, watoto zaidi ya 10,000 waliotibiwa mapunye kwa mionzi walifuatiliwa kwa miongo mingi, na ingawa tezi zao zilikuwa zimepokea wastani wa takriban miligrei 90 tu kila mtoto (grei ni kizio cha mionzi inayoingia kwenye kiungo, na miligrei ni sehemu yake ya elfu), saratani ya thairoidi ilionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao wasiotibiwa.

Mwaka 1995 mtafiti Elaine Ron na wenzake waliunganisha tafiti saba, ikiwamo ile ya waathirika wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, zenye jumla ya watu karibu 120,000. Matokeo yao yamekuwa msingi unaotajwa mara nyingi: kwa waliopata mionzi kabla ya umri wa miaka 15, kila grei moja iliongeza hatari ya ziada kwa takriban mara 7.7 ya hatari ya kawaida, na ongezeko lilionekana hata kwenye kipimo cha miligrei 100 hivi. Uhakika wa takwimu hiyo una upana mkubwa, kutoka 2.1 hadi 28.7, kwa hiyo isomwe kama dira. Kisha ikaja ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986, ambapo watoto walikunywa maziwa yenye iodini-131, iodini inayotoa mionzi, na kufikia mwaka 2005 zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya thairoidi walikuwa wamehesabiwa Belarusi, Ukraine na katika maeneo ya Urusi yaliyoathirika zaidi, wote wakiwa watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali.

Hivyo vyote vilikuwa viasi vya mionzi vikubwa kuliko vya picha moja ya kawaida. Kuhusu CT yenyewe, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha watu wapatao 680,000 waliofanyiwa CT wakiwa watoto au vijana na wenzao zaidi ya milioni 10 wasiofanyiwa, na ukakuta saratani kwa jumla zikiwa juu kwa asilimia 24 kwa waliofanyiwa, saratani ya thairoidi ikiwa mojawapo. Lazima niongeze tahadhari moja: baadhi ya watu hufanyiwa CT kwa sababu tayari wana ugonjwa ambao haujatambulika, kwa hiyo si kila ongezeko katika tafiti za namna hiyo linaletwa na mionzi. Hata hivyo mwelekeo wake unapatana na ule wa tafiti za zamani, nami naona ni busara kuuchukulia kwa uzito inapohusu watoto.

Hatua ya tatu: pambanua kipimo ulichoandikiwa

Kabla ya jambo lolote, uliza kipimo chako ni cha aina gani, kwa sababu neno "picha" hufunika vitu vingi visivyofanana. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Vyote viwili havina mionzi ayonisha hata kidogo. Eksirei ya kawaida, picha za meno, mamografia (picha ya matiti), eksirei ya mfululizo inayoonekana kwenye skrini wakati wa upasuaji au wa kuchunguza umio, na skani ya CT, vyote vinayo. Vipimo vya tiba ya nyuklia vina mionzi pia, lakini humo chanzo cha mionzi huingizwa mwilini, na nitavizungumzia peke yake.

Swali la pili ni boriti ya mionzi, yaani mwale unaolengwa mwilini, inapita wapi. Vipimo hivi mara nyingi hutajwa kwa milisiveti, kizio kinachokadiria athari kwa mwili mzima: eksirei moja ya kifua ni takriban milisiveti 0.1 au chini ya hapo, CT ya kichwa kama 2, CT ya kifua kati ya 6 na 7, huku mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na kwenye chakula ikiwa wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Kwa mada yetu namba hizo hazitoshi, kwa sababu CT ya tumbo inaweza kuwa na milisiveti nyingi kuliko CT ya shingo na bado tezi ikaambulia mtawanyiko kidogo tu. Kinachohesabika ni miligrei zinazoingia ndani ya tezi yenyewe.

Kwa kigezo hicho, CT ya shingo na ya pingili za shingo ndiyo inayoongoza, kwani tezi imo katikati ya eneo linalopigwa na inaweza kupokea makumi ya miligrei. CT ya kifua inafuata, kwa kuwa skani huanzia juu ya mitulinga na mara nyingi huigusa tezi au sehemu yake. CT ya kichwa huifikia kwa mionzi inayotawanyika, miligrei chache, japo kwa mtoto mchanga umbali kati ya fuvu na shingo ni mfupi na eneo la skani likishushwa kidogo tu tezi huingia ndani. Eksirei ya kifua, picha za meno na mamografia huacha sehemu ndogo sana ya miligrei moja. Kuhusu mamografia, uvumi ulienea sana kwamba inaleta saratani ya thairoidi, na Chuo cha Radiolojia cha Marekani kililazimika kueleza kwamba kiasi kinachofika kwenye tezi ni sawa na mionzi ya asili ya takriban dakika 30. Mwanamke asiache uchunguzi wa matiti kwa sababu ya tezi yake.

Picha za meno zina tofauti ndani yake. Picha ndogo ya jino moja au mawili na picha pana inayozunguka taya ziko chini sana, lakini CT ya meno yenye boriti ya umbo la koni hutoa mionzi mingi zaidi kuliko hizo, na huagizwa mara nyingi kwa vijana wanaonyooshwa meno. Hapo swali la ulazima lina mantiki kamili.

Hatua ya nne: ifanye hesabu mwenyewe mara moja

Chukua kikundi cha watu 1,000 ambao, bila mionzi yoyote ya ziada, 10 kati yao wangeugua saratani ya thairoidi katika maisha yao. Tuseme wote, wakiwa watoto, walifanyiwa CT moja ya shingo iliyowapa miligrei 20 kwenye tezi, yaani grei 0.02. Ukizidisha 0.02 kwa 7.7 unapata 0.154, ambayo ni ongezeko la asilimia 15 hivi ya wale 10. Idadi inafika kama 11.5, yaani mtu mmoja au wawili zaidi katika elfu. Sasa rudia hesabu hiyo kwa eksirei ya kifua inayoacha miligrei 0.05: ongezeko ni kama watu wanne katika milioni moja.

Hesabu hii inadhania kwamba hatari hupungua kwa mstari ulionyooka hadi sifuri, dhana ambayo taasisi za kinga ya mionzi huitumia kwa tahadhari. Faida yake ni kuonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hata kipimo kinachoipiga tezi moja kwa moja humwacha mtoto mmoja akiwa na uwezekano mkubwa mno wa kutopata madhara yoyote, kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe alikwisha kupigwa CT asijilaumu. Pili, mmoja au wawili katika elfu ni idadi nzito ikiwa skani hizo hufanywa kwa mamilioni na sehemu yake hazikuhitajika. Ukirudia skani mara tatu, unazidisha kwa tatu, kwa sababu mionzi ya tezi hujumlishwa.

Hatua ya tano: uliza kabla ya kukubali, na uulize yanayofaa

Hapa ndipo hatari hupunguzwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu skani isiyofanyika haina mionzi. Swali ninaloliona kuwa mama wa maswali yote ni hili: "Daktari, majibu ya picha hii yatabadilisha nini katika matibabu?" Ikiwa jibu ni kwamba likionekana hili tutafanya upasuaji na lisipoonekana tutasubiri, picha hiyo ina kazi. Ikiwa tiba itakuwa ileile kwa vyovyote, kuna nafasi ya kuongea. Swali la pili ni kama ultrasaundi au MRI inaweza kujibu jambo lilelile. Maumivu ya kidole tumbo kwa mtoto, uvimbe wa shingoni, na matezi yaliyovimba huanza kuchunguzwa vizuri kwa ultrasaundi, na CT hubaki kwa pale ambapo ultrasaundi haikuweza kuamua. Swali la tatu ni kama kuna picha za awali zinazoweza kutosha.

Tuliangalie kwa karibu tukio moja, kwa kuwa ndilo linalowapeleka watoto wengi kwenye CT: mtoto ameanguka na kugonga kichwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao PECARN, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha watoto 42,412, ulitoa vigezo vya kumtambua mtoto ambaye hana haja ya CT. Kwa mwenye umri wa miaka 2 na kuendelea, daktari huangalia kama fahamu zake ni za kawaida, kama alizimia, kama anatapika, kama ana maumivu makali ya kichwa, kama kuna dalili za kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, na kama ajali yenyewe ilikuwa kubwa, kwa mfano kugongwa na gari. Ikiwa hakuna hata moja, uwezekano wa jeraha kubwa la ubongo ni chini ya asilimia 0.05. Ikiwa ipo moja tu kati ya zile nyepesi, mara nyingi inafaa mtoto akae hospitalini akichunguzwa kwa saa kadhaa kabla ya uamuzi. Kwa hiyo mzazi anaweza kusema kwa heshima: "Daktari, je, anaweza kuangaliwa hapa kwa muda kwanza?" Wapo wazazi wanaodai CT ili watulie, na daktari anayechoka kubishana huiandika. Tafadhali usiwe wewe unayeidai.

Upande wa pili nauandika kwa mkazo uleule. Mtoto asiyeamka vizuri, anayetapika mfululizo, mwenye degedege baada ya kuanguka, au ambaye shingo yake inahofiwa kuvunjika, anahitaji CT sasa hivi. Kuvuja damu ndani ya fuvu kunaua kwa saa, ilhali hatari tunayoizungumzia hapa ni ndogo na hujitokeza baada ya miaka. Kukataa skani ya dharura kwa kuogopa mionzi ni kosa kubwa kuliko kosa lolote ambalo mwongozo huu unajaribu kulizuia.

Mwambie pia daktari kama una ujauzito au unahisi hivyo, kama mtoto aliwahi kutibiwa kwa mionzi, na kama una ugonjwa wa thairoidi. Fomu ya kuomba kipimo nayo isomwe kabla ya kuondoka chumbani kwa daktari, kwa sababu fomu iliyoandikwa "CT kichwa na shingo" wakati tatizo liko kichwani tu ndiyo inayoiingiza tezi ndani ya boriti bila sababu.

Hatua ya sita: ndani ya chumba cha picha

Ukifika, mweleze mtaalamu wa mionzi umri na uzito wa mtoto, kisha uulize kama mashine itawekwa mipangilio ya watoto. Mtoto mdogo akipigwa kwa mipangilio ya mtu mzima hupokea mionzi mingi kuliko anayoihitaji, bila picha kuwa bora kwa kiasi chochote cha maana. Kampeni ya Image Gently, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, ilijengwa juu ya jambo hilihili. Uliza pia mambo mawili ya kiufundi ambayo hayamkosei mtu heshima. La kwanza ni kama skani itafanywa mzunguko mmoja au itarudiwa kabla na baada ya kuchoma dawa ya kontrasti, ile inayofanya viungo vionekane vizuri zaidi kwenye picha, kwa kuwa kila mzunguko huongeza kiasi kizima cha mionzi, na kwa watoto mzunguko mmoja mara nyingi unatosha. La pili ni eneo la skani litaishia wapi, hasa kwa CT ya kichwa na ya kifua, ambapo sentimita chache za kupunguza zinaweza kuiacha tezi nje.

Utulivu wa mtoto ni kinga kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani picha iliyotikisika hurudiwa. Mchanga aliyelishwa, akafungwa kwa shuka na kulala anaweza kumaliza skani bila dawa ya usingizi, ingawa pale dawa ya usingizi inapohitajika masharti ya kufunga kula hufuatwa kama hospitali ilivyoelekeza. Mkubwa kidogo aelezwe mapema kwamba kitanda kitasogea, mashine itavuma, na kazi yake ni kutulia kama sanamu. Mzazi anayebaki chumbani avae aproni ya madini ya risasi yanayozuia mionzi, na asiwe mjamzito.

Kuhusu kola ya risasi inayofungwa shingoni, mambo yamebadilika, na wengi bado wanafuata maelezo ya zamani. Kwa miaka mingi Chama cha Thairoidi cha Marekani kilihimiza kola kwenye picha za meno, lakini Februari 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitangaza kwamba aproni na kola hazipendekezwi tena. Sababu zake zinaeleweka. Mashine za kidijitali hutumia mionzi kidogo, boriti iliyobanwa iwe ya umbo la mstatili huipunguza zaidi, na kola iliyokaa vibaya huziba sehemu ya picha na kusababisha irudiwe. Kwenye mashine zinazojirekebisha zenyewe kuna tatizo jingine: risasi ikiingia ndani ya boriti, mashine hudhani mwili ni mnene na huongeza mionzi. Ushauri wangu ni kwamba kliniki ikimfunga mtoto kola kwa picha ndogo za meno, mwache afungwe. Isipoifunga, usigombane nayo, bali uliza kama wanatumia kipokezi cha kidijitali na boriti ya mstatili, na uliza kwa nini picha hiyo inahitajika leo. Kola iko mahali pake kabisa kwa wahudumu wanaosimama karibu na mgonjwa saa nyingi chini ya eksirei ya mfululizo.

Hatua ya saba: iodini, dawa ya kontrasti na tiba ya nyuklia

Mambo haya matatu huchanganywa. Dawa ya kontrasti ya CT ina iodini ya kawaida, isiyo na mionzi. Inaweza kuvuruga utendaji wa tezi kwa baadhi ya watu, hasa wenye rovu la vinundu, ikaifanya itoe homoni nyingi au kidogo kupita kiasi, na kwa majuma kadhaa huzuia tezi kupokea iodini ya vipimo vya nyuklia. Mgonjwa wa thairoidi aitaje hali yake kabla dawa haijachomwa.

Skani ya nyuklia ya thairoidi hutumia kiasi kidogo cha teknesiamu-99m, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, au iodini-123 ambayo ni saa 13. Iodini-131 huchukua siku 8 na hutoa mionzi mizito zaidi ndani ya tezi, ndiyo maana leo hutumika zaidi kwa matibabu kuliko kwa kuchunguza. Mjamzito hapewi iodini-131 kamwe, kwa sababu tezi ya kijusi huanza kunyonya iodini kuanzia juma la 10 hadi la 12 hivi, na anayenyonyesha lazima aache kunyonyesha kabla ya kuipata.

Vidonge vya potasiamu ayodaidi havina faida yoyote dhidi ya eksirei au CT. Huijaza tezi iodini salama ili isipokee iodini yenye mionzi, basi. Asiwepo anayevimeza kabla ya kupigwa picha bila agizo la daktari, kwani iodini nyingi yenyewe huweza kuiumiza tezi.

Hatua ya nane: tunza kumbukumbu

Fungua daftari moja la mtoto, uandike tarehe, aina ya kipimo, sehemu ya mwili, na hospitali. Kwa CT omba ripoti ya kiasi cha mionzi yenye namba mbili zinazoitwa CTDIvol na DLP, zinazoonyesha mionzi iliyotolewa na mashine, pamoja na nakala ya picha kwenye diski. Diski hiyo ibebwe kila unapopewa rufaa, na mkabidhi daktari mpya kabla hajaandika skani nyingine. Skani nyingi zinazorudiwa hurudiwa kwa sababu ya kukosekana kwa kitu hicho tu.

Hatua ya tisa: baada ya picha, angalia bila kujitafutia ugonjwa

Saratani inayotokana na mionzi huchelewa. Baada ya Chernobyl ongezeko lilianza kuonekana baada ya miaka minne au mitano, na kwa waliopata mionzi utotoni hatari imeendelea kuwepo kwa miongo mingi. Dalili za kumpeleka mtu hospitali ni uvimbe mgumu mbele ya shingo unaopanda na kushuka anapomeza, sauti inayokwaruza kwa majuma bila mafua, shida ya kumeza, au matezi ya pembeni mwa shingo yasiyonywea.

Pasipo dalili, aliyefanyiwa CT moja au mbili hana haja ya kupimwa tezi kwa ultrasaundi kila mwaka, na hili najua haliwaridhishi wengi. Mfano wake ni Korea Kusini, ambako ultrasaundi ya tezi iliongezwa kwenye uchunguzi wa kawaida wa afya. Kufikia mwaka 2011 saratani ya thairoidi ilikuwa ikigunduliwa mara 15 zaidi ya mwaka 1993, ila idadi ya waliokufa nayo haikubadilika. Maelfu walipasuliwa kwa vivimbe vidogo ambavyo visingewadhuru kamwe, na baadhi yao wakabaki na sauti iliyoharibika au kalsiamu inayoshuka. Jopo la kitaifa la huduma za kinga la Marekani lilishauri mwaka 2017 kutowapima watu wazima wasio na dalili.

Ushauri huo haukuwahusu waliopigwa mionzi ya kichwa au shingo utotoni kwa ajili ya tiba, kama ile ya saratani ya damu, ya limfu au ya ubongo. Hao walipokea grei nzima nzima, na kwao daktari akiipapasa shingo kila mwaka na kupanga ultrasaundi anapoona haja, anafanya linalostahili. Yeyote aliyetibiwa hivyo, hata kama ilikuwa miaka 30 iliyopita, amweleze daktari wake wa sasa na, akiweza, aombe jalada la matibabu yale lenye kiasi cha mionzi kilichotumika.

Kinundu kikionekana, jambo la kwanza ni kuuliza ukubwa wake na sura yake katika ultrasaundi. Vinundu vya tezi ni vya kawaida mno kwa watu wazima, na vilivyo vingi si saratani. Kinachoonekana kuwa na shaka huchomwa sindano nyembamba ili kuchukua seli za kupimwa, kazi inayofanyika bila kulazwa. Kilichobaki hufuatiliwa kwa ratiba atakayoipanga daktari, kwa ultrasaundi, ambayo inaweza kurudiwa mara nyingi kadiri inavyohitajika bila kuiongezea tezi mionzi yoyote.